Mkono Mmoja kwa Kila Nyumba

Mwaka ule wa hali ya hatari, watu wa upande wa Kianjokoma walipotolewa kwenye mashamba yao na kurundikwa kijijini kama kuku ndani ya tenga, Wambeti alipewa nyumba ya mwisho katika safu ya nne. Aliishi humo na mkamwana wake, Nelius. Muturi, mwanawe Wambeti na mumewe Nelius, alikuwa kizuizini, huko kwenye jua na seng'enge, na hakuna aliyejua angerudi lini.

Juu ya kijiji, ukingoni mwa msitu wa mlima, serikali ilikuwa inachimbisha handaki. Lilikuwa la kina kuliko mtu mrefu, na ndani yake vilisimikwa vijiti vya mianzi vyenye ncha, ili wapiganaji waliokuwa msituni wasishuke kutafuta chakula. Kila mwezi ulipoanza, kila safu ya nyumba ilitoa mwanamke mmoja wa kwenda kuchimba. Alilala huko huko kambini mwezi mzima, kwenye ukungu na baridi, akila uji usio na chumvi.

Safu nyingine zilikwenda kwa zamu. Safu ya nne peke yake ndiyo iliyoletewa karata.

Aliyezileta alikuwa Ngari, mkubwa wa homgadi, wale walinzi wa kijiji waliopewa bunduki na serikali. Alisema anataka haki. Kila nyumba ingetoa mkono mmoja, kila mkono ungepokea karata moja, na atakayepata ree ya shupaza, ile yenye jani moja kubwa jeusi katikati, ndiye angekwenda. Wanawake hawakujisumbua na majina ya karata. Wao waliiita Nyeusi.

"Na mama zetu wazee wapumzike," Ngari aliongeza siku hiyo ya kwanza. "Walio vijana ndio watakaopokea."

Wambeti alimshukuru moyoni. Ngari alikuwa mkwe wake, mume wa Peninah, binti yake mkubwa, na kati ya mkwe na mama wa mke kuna nthoni, ile heshima iliyo nusu haya na nusu hofu. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hampi kitu mkononi. Wakikutana njiani mmoja hupisha, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa tatu. Wambeti alidhani Ngari anamwepusha aibu ya kusimama mbele yake. Alikuwa mtu wa kuona wema hata pale ulipokuwa mdogo kama punje ya mtama, na huo aliuona ni wema.

Mwezi wa kwanza Nyeusi ilikwenda kwa Nelius.

Alirudi na miguu iliyovimba, na tumbo ambalo sasa kila mtu aliliona. Muturi alikuwa amekamatwa kabla hajajua kwamba atakuwa baba. Mwezi wa pili wanawake walisimama tena kwenye uwanja wa safu, Ngari akagawa, akasema "Geuzeni!" na Nyeusi ilikuwa mkononi mwa Nelius.

"Si mimi," Ngari alisema, akipangusa karata kwa shati lake la kaki. "Ni karata. Karata haina ndugu wala adui."

Wambeti alijifunga shuka akaenda handakini yeye mwenyewe badala ya mkamwana. Msimamizi wa huko alimtazama mvi zake, akamsikitikia. Alimpa kiazi cha kuchoma akamwambia, "Bibi, rudi nyumbani. Hapa tutakuzika." Alirudi na kile kiazi, akampa Nelius aliyepishana naye njiani, chini ya ulinzi wa bunduki mbili.

Alasiri ya siku hiyo mzee Runji alibisha hodi. Runji alikuwa fundi wa mipini ya majembe, na alikuja na mpini mpya ambao hakuna aliyeuagiza. Aliuweka kando ya mlango, akakaa nje kwenye gogo, mahali ambapo majirani wote wangemwona na hakuna ambaye angesema neno juu ya mjane.

"Mama Muturi," alisema, "mkweo anatoa kwa chini."

"Anatoa nini kwa chini?"

"Karata. Nyeusi anaificha chini ya jozi. Wengine wote anawagawia za juu. Akifika kwa Nelius, kidole chake kinavuta ile ya chini. Mwezi uliopita niliona nikajiambia ni macho yangu yamezeeka. Leo nimeona tena."

Wambeti alikuwa akipukuchua mahindi. Hakuacha. "Una hakika?"

"Nilinyang'anywa buti kwa njia hiyo hiyo ndani ya meli, tukienda vitani Bama. Mtu aliyetembea peku Bama hasahau."

Punje zilidondoka kwenye ungo. Wambeti alijua chanzo bila kuambiwa. Muturi alipokuwa amejificha, Ngari alimwahidi mzungu wa kituo kwamba Nelius angesema alipo. Nelius hakusema. Alisimama juani kutwa mbele ya kituo, mdomo umefungwa, na jioni Ngari akatukanwa mbele ya watu wake. Kumbe hakusahau.

"Nitamwambia mbele ya watu wote," alisema.

"Utamwambia nini? Yeye ana bunduki na wewe una mahindi. Atasema Runji ni mwongo, na kesho Runji atakuwa kizuizini akimsalimia Muturi."

"Basi nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Hicho anachokifanya. Na kitu cha kukishinda."

Runji alicheka hadi akakohoa. "Mikono hiyo? Mama Muturi, hayo ni majembe yaliyoota vidole."

"Na wewe unayatengenezea mipini. Nifundishe."

Mzee aliacha kucheka. Aliingiza mkono ndani ya koti lake kuukuu la jeshi, akatoa kifurushi cha ganda la mgomba. Ndani yake mlikuwa na karata zilizochakaa, laini kama kitambaa. Mikono yake ilitetemeka tangu Bama na haikuweza tena kazi ya karata, lakini kinywa chake kilikuwa kinakumbuka kila kitu.

"Sikiliza. Mkono wa nyumba si lazima uwe wa Nelius; Ngari alisema wazee wapumzike, hakusema wakitaka watazuiwa. Nyumba ni yako. Mwezi ujao ukisimama wewe, Ngari hawezi kukupa karata mkononi. Ataiweka juu ya kitu, na atageuza uso. Hilo ndilo dirisha lako. Wezi wa melini walitafuta dirisha kama hilo kwa maneno na kwa mizaha, wapate tu mtu apepese macho. Wewe umepewa na desturi. Lakini ni dogo, na Bundi, homgadi mwenzake, atakuwa pale anaangalia."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Karata nyingine, ya kawaida, ingekuwa tayari imefichwa kwenye kiganja, mgongo wake ukilalia nyama ya mkono, imebanwa kati ya shina la kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho. Mkono ungeshuka juu ya karata iliyowekwa, kama mkono wowote unaochukua kitu. Humo chini ya mkono, vidole vya mbele vingevuta Nyeusi viingie nayo kiganjani, na wakati huo huo ile ya kiganjani ingeachiwa ibaki mahali pake. Mtu anayetazama angeona mkono umegusa karata na kuisogeza kidogo. Basi.

Kuisema ilikuwa rahisi. Siku ile ya kwanza Wambeti hakuweza hata kuificha. Karata ilichungulia pande zote za kiganja kama mtoto mtundu mlangoni. Alipoibana ilikunjika. Alipoilegeza ilianguka. Nyufa za mikono yake, zilizochimbwa na miaka ya jembe na kuni, zilishika ukingo wa karata na kuukwaruza.

"Mkono mfu," Runji alisema. "Mkono unaoficha kitu unasimama kama mkono mfu. Uache uwe hai."

"Ukiwa hai inaanguka."

"Ianguke. Iokote. Tena."

Mvua za alasiri zilikuwa zimeanza, na mvua ikinyesha homgadi walikaa kituoni kwao, ng'ambo ya mtaro. Hizo ndizo saa za Wambeti. Alikaa mlangoni na ungo magotini, akiangusha na kuokota. Alijipaka mafuta ya mbarika kulainisha ngozi, na karata ikateleza kama sabuni. Akajipaka majivu kuondoa mafuta, Runji akapiga kelele kwamba karata zake zimevuka bahari mbili kuja kufia katika majivu ya mwanamke wa Embu.

"Nitakununulia nyingine Muturi akirudi."

"Muturi akirudi nitataka mbuzi, si karata."

Alijifunza kutembea na karata kiganjani. Alienda nayo kuchota maji, alifagia nayo, alikoroga nayo uji. Jumapili moja baada ya sala, Rwamba, jirani yake wa nyumba ya tatu, alimnyooshea mkono wa kulia kumsalimia, na Wambeti akashtuka, akampa kifundo cha mkono badala ya kiganja, kama afanyavyo mtu mwenye mikono michafu.

"Mkono una nini?" Rwamba aliuliza.

"Mafuta."

"Siku ya Bwana unakuja kanisani na mafuta?" Lakini Rwamba aliyatazama yale macho ya jirani yake, kisha akatazama ule mkono uliojikunja, na akakishika kifundo kwa mikono yake yote miwili, akakitikisa kwa furaha, kama kwamba watu wote husalimiana hivyo. Hakuuliza tena.

Njiani Wambeti aliwaza juu ya mwalimu wa dini, aliyesema karata ni mlango wa jehanamu. Alimwambia Mungu, bila kupiga magoti, kwamba Yeye mwenyewe aliona ni nani aliyetangulia kuzifungua.

Siku zilipita, na kile kitu hakikuja. Kuficha alikuwa ameweza. Kubadilisha ndiko kulikomshinda. Aliweza kuvuta, aliweza kuachia, lakini si kwa pamoja. Ama karata zote mbili zilibaki kwenye ungo, moja imelalia nyingine, au zote mbili zilikuja. Runji, aliyejifanya Ngari, aliketi mbele yake akisema, "Nimeiona. Nimeiona. Hiyo hata Nelius akiwa handakini ameiona."

Siku moja Wambeti aliirusha jozi nzima matopeni.

Runji aliinama akaziokota, moja moja, kwa mikono yake inayotetemeka, akazipangusa kwa koti. Ilimchukua muda mrefu. Wambeti alipoona hivyo alipiga magoti akamsaidia, na hakurusha tena.

Wiki moja kabla ya mwezi kuisha alipata njahi kidogo kutoka kwa Rwamba, zile maharage nyeusi za wazazi, za kumtengea Nelius kwa siku ya kujifungua. Zilikuwa na changarawe na mbovu nyingi. Alizimimina kwenye ungo akaanza kuchambua huku akiwaza mambo mengine. Vidole vyake vya mbele viliokota mbovu, vikaisukuma nyuma kiganjani, kidole cha mwisho kikaishika pamoja na zilizotangulia. Na mara kwa mara, kiganja kikijaa, vidole vya nyuma viliziachia zidondoke ukingoni mwa ungo, huku vile vya mbele vikiendelea kuokota. Havikungojeana. Vya mbele vilikuwa na kazi yao na vya nyuma vilikuwa na yao.

Wambeti alisimamisha mkono, akautazama kama mgeni.

Alikuwa anafanya hivyo tangu alipokuwa msichana wa kufungiwa shuka. Mama yake alifanya hivyo, na kila mwanamke wa safu ile alifanya hivyo. Alikuwa amejaribu kujifunza mkono wa askari wa melini, na kumbe mkono aliouhitaji alikuwa nao.

Aliondoa njahi, akaweka karata. Hakuwaza karata. Aliwaza mbovu. Mkono ulishuka, ukaokota, ukaachia.

Alasiri iliyofuata Runji aliweka karata juu ya ungo, akakodoa macho, akainamisha kichwa karibu kabisa. "Haya," alisema. "Chukua."

"Nimeshachukua."

Runji aliigeuza karata iliyokuwa kwenye ungo. Haikuwa aliyoiweka. Alikaa na hiyo karata mkononi, mvua ikimdondokea kutoka kwenye nyasi za paa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Sasa," alisema baadaye, "unahitaji karata yenye mgongo kama za Ngari. Zangu ni nyekundu. Zake ni za buluu."

Hilo Wambeti alikuwa amelifikiria. Asubuhi yake kwenye kijito alimkuta Peninah, aliyeishi kituoni na mumewe na kuruhusiwa kutoka wakati wa maji tu. Binti alimtwisha mama mtungi kwanza, kabla ya wake.

"Nataka karata moja ya mume wako," Wambeti alisema. "Yoyote isipokuwa Nyeusi. Usiniulize."

Maji yalifurika kwenye mtungi wa Peninah naye hakuyaona. "Mama, akijua?"

"Ndiyo maana nakuambia usiniulize. Usiyoyajua hayawezi kutolewa kwako. Na ukishindwa, bado wewe ni mtoto wangu."

Kesho yake Peninah alimpa mama yake nduma tatu zilizofungwa kwa majani. Katikati ya majani mlikuwa na tatu ya pau. "Nimechukua ndogo," alinong'ona. "Akiuliza, nitasema mtoto aliichana."

Nelius alirudi kutoka handakini siku moja kabla ya ugavi. Wambeti alimkanda miguu kwa maji ya moto. Tumbo lilikuwa limeshuka, na katika kambi ile alikuwa ametokwa na damu mara moja, kidogo, wanawake wenzake wakamchimbia sehemu yake ili akae. Hakulia alipokuwa anaeleza. Alisema tu, "Mama, mwezi huu wa tatu nikienda, sitarudi na mtoto."

"Hutakwenda."

"Karata ikinishika?"

"Kesho utakaa ndani. Mimi ndiye mkono wa nyumba hii."

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Wanawake wa safu ya nne walisimama mstari mmoja, na wengine wa kijiji wakasogea kutazama, kwa maana habari kwamba Wambeti amejifunga shuka na kubeba ungo wake uwanjani zilikuwa zimetangulia. Runji alikuwa kwenye gogo lake, akichonga mpini, kichwa chini.

Ngari alitokea na Bundi, homgadi aliyetahiriwa naye siku moja. Alipomwona mama mkwe mwishoni mwa mstari, aligeuza uso ghafla, kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

"Bundi," alisema, "muulize mama kwa nini amesumbuka. Nelius yuko wapi?"

"Bundi," alisema Wambeti, naye akitazama pembeni, "mwambie mkwe wangu kwamba Nelius miguu yake imevimba kwa kupendwa na karata. Nyumba ni yangu, nimeleta mkono wangu. Au sheria imebadilika?"

Mtu mmoja alicheka nyuma, akajifanya anakohoa. Ngari alianza kugawa. Kwa kila mwanamke alitoa karata na kuiweka mkononi. Alipofika mwishoni, Wambeti alinyoosha ungo mbele, ameushika kwa mkono wa kushoto, na kuinamisha kichwa kama impasavyo mama mkwe. Aliona ncha za viatu vya Ngari tu. Alisikia karata ikiangukia ungo, tap. Kisha viatu vile viligeuka upande, kwa heshima.

Kwa kitambo kidogo moyo wake ulimuuma. Ilikuwa heshima ya kweli. Kijana huyu, pamoja na yote, alikuwa bado anageuza uso kwa mama wa mkewe, kama alivyofanya siku alipoleta asali ya posa. Wambeti aliuona wema huo, akaujua kuwa ni wema, na mkono wake ukashuka.

Mbovu, aliwaza. Ondoa mbovu.

Bundi alikuwa anatazama. Aliona mkono wa mwanamke mzee ukigusa karata na kuisogeza kidogo kwenye ungo. Basi.

"Geuzeni!" Ngari alisema.

Karata ziligeuzwa. Kopa, uru, tisa ya shupaza, kopa tena. Wambeti aligeuza yake kwa vidole viwili. Tatu ya pau. Karata ya Peninah ilikuwa imerudi kwenye jozi yake, na hakuna ambaye angeitafuta tena.

Ngari alipita mstari mzima akitazama mikono ya watu, kisha akarudi. Shingo yake ilikuwa imeanza kung'aa kwa jasho katika baridi ile. "Nyeusi haijatoka," alisema.

"Labda haikuwemo," Rwamba alisema.

"Ilikuwemo!"

"Bundi," Wambeti alisema polepole, sauti ikimfikia kila mtu, "muulize mkwe wangu amejuaje kwamba ilikuwemo kwenye hizi chache, na jozi ina karata tele? Muulize alimpa nani."

Uwanja ulinyamaza. Hata kisu cha Runji kilisimama. Haikuhitajika Bundi arudie. Ngari alikuwa amesikia, na wanawake walikuwa wamesikia, na mmoja mmoja walianza kuhesabu vichwani mwao miezi miwili iliyopita na nyumba ile moja ya mwisho. Ukimya wao ulibadilika. Mwanzo ulikuwa wa hofu. Sasa haukuwa wa hofu.

"Kuna mwizi hapa," Ngari alisema. "Bundi, pekua watu."

"Mwambie aanzie kwangu," Wambeti alisema. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya ukingo wa ungo, hai, umelegea, na Nyeusi ndani yake.

Bundi alirudi nyuma hatua moja. "Mimi siwezi. Mimi na wewe tulitahiriwa kisu kimoja, Ngari. Mama mkwe wako ni mama yangu. Pekua mwenyewe."

Kicheko kilitoka mahali, na safari hii hakuna aliyejisumbua kukohoa. Ngari alizikusanya karata kwa nguvu, akazishindilia mfukoni. "Basi! Karata zimekwisha. Mwezi huu nitataja kwa mdomo."

"Vizuri," Wambeti alisema. Hakumtumia Bundi tena. Aliinua kichwa. "Hicho ndicho nilichokingoja. Mtaje. Karata umezichosha bure, baba. Mtaje kwa kinywa chako mwenyewe, hapa, nikusikie mimi niliyekuzalia mke. Sema: nimemchagua Nelius, mwenye mimba ya ndugu wa mke wangu, aende akaizike kwenye handaki. Sema tu. Una bunduki, nani atakuzuia?"

Na kwa mara ya kwanza tangu harusi, Ngari alimtazama usoni.

Hakuna sheria iliyomfunga mdomo. Angeweza kulisema jina lile, nalo ni jina fupi. Midomo yake ilianza kulishika. Lakini mama mkwe hakugeuka, hakupisha, alisimama na ungo wake kama mtu aliyeletewa vya kuchambua, na ni Ngari aliyeinamisha macho kwanza, akatazama matope ya viatu vyake.

"Mzungu anataka mtu mmoja," alisema mwishowe. Ilikuwa sauti ya kijana, si ya mkubwa wa homgadi.

"Atampata," Rwamba alisema, akatoka kwenye mstari. "Naenda mimi. Bundi, andika. Lakini andika vizuri: sikuchaguliwa na karata, wala na mtu. Nimejichagua. Wambeti atanishikia watoto."

"Nitawashika," Wambeti alisema.

"Na baada ya Rwamba ni mimi," alisema mwanamke wa nyumba ya pili. Na wa nyumba ya tano akasema yeye afuate. Walipanga hapo hapo uwanjani, kwa sauti kubwa, wakibishana nani ana mtoto mchanga na nani ana kifua, bila kumuuliza Ngari neno, mpaka zamu za safu ya nne zikafika mwisho na jina la Nelius likawekwa nyuma kabisa, baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Bundi aliandika. Ngari alisimama kando akisubiri wamalize.

Ndani ya nyumba Wambeti aliketi karibu na moto, na mkono haukufunguka. Ulikuwa umeganda. Nelius, aliyekuwa amesikia yote kupitia ukuta wa udongo, alikaa chini kwa shida, akaushika ule mkono, akaufungua kidole kimoja baada ya kingine akiusugua. Nyeusi ilianguka kwenye paja lake. Waliitazama pamoja. Ilikuwa kipande cha karatasi.

Nelius aliitia motoni chini ya chungu, ikajikunja, ikawa majivu kabla maji hayajachemka.

Kesho yake mvua ilipoanza Runji alikuja kuchukua karata zake. Alimkuta Wambeti mlangoni, ungo magotini, watoto wawili wa Rwamba wakilala nyuma yake. Safari hii ungo ulishikwa kwa mkono wa kulia. Ule wa kushoto ulikuwa unaangusha karata, unaokota, unaangusha tena.

"Mama Muturi, umeshinda," Runji alisema. "Unafanya nini tena?"

"Kaa chini, mzee," Wambeti alisema, bila kuinua macho. "Jifanye Ngari. Na safari hii usigeuze uso."